Kugura Mombasa Kuhamia Kamakis: Tuanze na Vya Watu



Jamaa zetu wengi wa Pwani siku hizi wagura kwenda bara, na baadhi yao huishia Kamakis, pale Ruiru katika kaunti ya Kiambu, ambapo Eastern Bypass yakaribia kukutana na barabara ya Thika. Binti yetu na mumewe ni miongoni mwao, na safari hii tulishiriki wenyewe kufunga kamba.

Mkwe wetu alitangulia peke yake. Nyumba aliiona asubuhi ya Jumatatu, ikampendeza, akalipa kodi ya mwezi pamoja na dipoziti. Ijumaa usiku ndipo alipoujua ujirani wake. Kamakis ina sifa ya nyama choma, na watu hutoka Nairobi kwenda kula huko. Muziki ulianza baada ya magharibi, na alfajiri ilipoingia ulikuwa haujanyamaza. Hatuwalaumu wenye muziki, kwani walikuwapo kabla yake. Baada ya miezi miwili alihamia nyumba nyingine ya ndani zaidi, na dipoziti haikurudi, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi karatasi asiyoisoma.

Kwa hivyo nyumba iangaliwe mara mbili, mchana wa siku ya kazi na usiku wa mwisho wa juma. Aulizwe mama jirani, wala si dalali, maji hutoka siku gani na boza likiitwa hulipwa na nani. Mita ya umeme ni ya nyumba hiyo pekee, au huchangiwa? Tena mtu atembee kwa miguu yake kutoka mlangoni hadi msikitini, maana mtoto wa miaka saba anayekwenda chuoni hana gari.

Hayo ni ya kule waendako. Yaliyotushughulisha zaidi ni ya huku walikotoka.

Tulipotoa vyombo jikoni tulikuta sufuria mbili zisizo zetu, deste la jirani, jamvi lililoazimwa siku ya hitima, na sinia kubwa la shaba. Sinia hilo liliazimwa kwa harusi ya binti yetu, miaka sita iliyopita. Bibi aliyetuazima amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yetu alilia. Alikuwa akilipakulia pilau kila Idi, na alikwisha kusahau kwamba si lake.

Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (R.A.) arudishe amana za watu. Wenye amana hizo wengi wao walikuwa katika wale wale waliomfukuza. Ali alikaa siku tatu hata kila kitu kikamfikia mwenyewe, ndipo akamfuata. Ikiwa mali ya adui ilisubiriwa hivyo, sufuria ya jirani yatakaje kupakiwa kwenye lori?

Basi siku ya kwanza ya matayarisho haikuwa ya makatoni. Binti yetu alipita nyumba kwa nyumba, akarudisha, akalipa deni la duka la maziwa, akaomba radhi. Ya sinia ilikuwa nzito. Mwana mmoja wa marehemu alisema, "Chukueni tu, mumesamehewa." Lakini warithi ni watatu, na anayesamehe husamehe fungu lake tu. Wa pili tulimpata Lamu, akaridhia. Wa tatu, kaka yao, yuko Maskati.

Kufunga mizigo kwenyewe hatutakurefusha, mama zetu wakijua kuliko sisi. Tutasema machache. Misahafu iwe na sanduku lake, lipandishwe mwisho likae juu, lisiwe chini ya viatu. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na vijitabu vya kliniki vya watoto visiingie lorini kabisa, bali viwe mkobani mwa mama. Mtungi wa gesi ufungwe barabara na usipandishwe gari moja na watoto. Mbuzi ya nazi binti yetu alitaka kuiacha, eti Kamakis kuna tui la pakiti. Mama yake aliitia kikapuni bila kumjibu.

Kisha kuna kifurushi cha usiku wa kwanza. Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) alipotayarisha masurufu ya Hijra alikosa kamba, akaupasua mshipi wake mara mbili ili afungie. Nasi tulikifunga hicho kwa kanga: sufuria moja, mchele, majani ya chai, mswala, nguo za kulalia, na mablanketi. Mwezi wa Julai Ruiru kuna baridi ambayo mtoto wa Mombasa hajapata kuiona.

Lori liliondoka baada ya swala ya isha. Ni kiasi cha kilomita 480 hadi Nairobi, na dereva mjuzi haingii katikati ya mji. Huiacha Mombasa Road akashika Eastern Bypass, akapita Utawala, akavuka Kangundo Road, hadi Kamakis. Njiani mkwe wetu alifupisha swala. Walipofika alituuliza kwa simu kama angali msafiri, kwa kuwa mizigo bado imefungwa. Tukamwambia la, aswali kamili, kwani amefika penye makazi yake.

Usiku huo walikula wali mkavu juu ya jamvi la kununua, watoto wamejifunika hadi masikioni, pasipo muziki.

Sinia lingali kwetu Mombasa, limefungwa kwa kitambaa juu ya kabati. Kila wiki binti yetu hupiga simu kuuliza kama Maskati wamejibu.