Rangi za kung'aa za Mashimoni: gundi ni yetu, mng'ao tunaagiza

Kizibo cha soda kikijazwa rangi ya maji ya dhahabu leo ili iuzwe, keshokutwa kimebonyea katikati. Maji yamekauka, rangi imesinyaa, inabidi kujaza tena. Masika yakianza, kizibo hichohicho huota kuvu kabla hakijakauka, hata kama kilitiwa tone la mafuta ya karafuu.

Muuzaji mmoja wa rangi hizi za maji huko Mashimoni, Kibera, hata hivyo, hailaumu mvua. Kilio chake ni unga unaoipa rangi mng'ao. Anaununua kwa gramu madukani katikati ya jiji, kule wanakouza vifaa vya kucha, na pakiti haisemi kilichomo. Leo upo, wiki ijayo haupo. Akikosa rangi ya shaba waliyoizoea wateja wake, wachoraji wa kadi za harusi kutoka Kawangware hukimbilia visanduku vya rangi kutoka China na hawarudi. Kodi nayo, anadai, inampiga mara mbili: kwenye unga, kisha kwenye glisirini anayoichanganya na rangi. Hesabu hiyo haina risiti, na pengine ameikuza. Hata ukiikata nusu, faida inayobaki ni ya kuhesabu kwa vidole.

Afisa mmoja wa masuala ya viwanda vidogo anajibu kwa tarakimu moja: asilimia 35. Ndiyo ushuru ulioanza kutozwa na nchi za Afrika Mashariki Julai 1, 2022 kwa bidhaa za nje zinazoweza kutengenezwa hapa, na rangi zilitajwa humo. Kwa hiyo, anasema, fundi wa ndani amelindwa. Kama kisanduku cha mchoraji kinahesabiwa kuwa rangi au vifaa vya shule, hakufafanua. Na unga wenyewe je? Ni vipande vya ulanga vilivyopakwa titani dioksidi na oksidi ya chuma, kazi ya kiwanda. Milima ya Uluguru, Tanzania, ilichimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani, lakini kuusaga tu hakukupi mng'ao wa dhahabu. Chetu hasa ni gundi inayoshika rangi, ile ya migunga ya Turkana, Isiolo na Wajir.

Njia ya mkato ya kupata mng'ao ipo mtaani. Karakana za Kibera zinazoyeyusha mabomba na makufuli ya zamani kutengeneza vipuli huacha vumbi la brasi, na vumbi hilo hung'aa vizuri siku ya kwanza. Likikaa kwenye gundi yenye unyevu hugeuka kijani. Tena brasi ya mabomba mara nyingi ina risasi, nayo Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni katika rangi. Sioni nani anapima vizibo.

Biashara huenda ikakua, hasa kwa wachoraji wa kadi na wa hati za mapambo, ikiwa unga utapatikana kwa uhakika. Kwa sasa, mnunuzi, muulize fundi ametumia unga gani, na usinyooshe ncha ya brashi kwa ulimi.