Uzito wa mwili na upasuaji wa pua: kwa nini unapandishwa kwenye mizani?



Wapo katika jamii yetu wanaotamani kufanyiwa upasuaji wa kurekebisha pua. Wengine pua zao zilivunjika ajalini zikapinda, hata kupumua ni taabu. Wengine ni suala la sura tu. Arfaja bin As'ad (r.a.) alipopoteza pua yake vitani alitengeneza ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Kuondoa madhara ni jambo moja, kutamani pua ya mtu mwingine ni jambo jingine, na hilo la pili lifikishe kwa masheikh kabla hujalifikisha kwa daktari. Sisi hapa tuzungumzie mizani.

Watu hushangaa: pua iko usoni, kitambi kinahusu nini? Jibu ni kwamba anayepasuliwa pua mara nyingi hulazwa kwa nusukaputi, na nusukaputi haichagui kiungo. Humlaza mtu mzima, pamoja na moyo wake na mapafu yake.

Mtu mnene akilala chali, mafuta ya tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu yakabaki na nafasi finyu. Akiba yake ya hewa ya oksijeni huisha haraka kuliko ya mtu mwembamba. Nyama za shingo na koo nazo hulegea, na mtaalamu wa usingizi anaweza kupata shida kumwekea mpira wa kupumulia. Dakika chache hapo ni nyingi mno.

Daktari huanza na hesabu nyepesi: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 64 anapata 25, ndipo uzito uliozidi unapoanzia. Akiwa na kilo 77 anapata 30, huo ni unene wa kupindukia. Akifika kilo 90 amevuka 35. Hakuna namba moja inayofuatwa na madaktari wote duniani, lakini wengi huongeza tahadhari kuanzia 30, na wapo wanaoahirisha upasuaji wa urembo ikifika 35. Juu ya 40 wengi hukataa, hasa kliniki ndogo zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa hiyo ukiulizwa kilo zako kwa simu na kliniki ya ng'ambo, usijipunguzie. Unayemdanganya ni mtu atakayeshika pumzi yako.

Lakini lililo zito kuliko namba ni kukoroma. Kuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: mtu anakoroma, ananyamaza kimya, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mchana anasinzia hata kwenye daladala. Mwenyewe hajui, shahidi ni mkewe au mumewe, na wake kwa waume huoneana haya kulisema. Lisemwe! Dalili nyingine ni shingo nene, inayozidi sentimita 40 hivi, nanyi mnaovaa kanzu mtaijua kwa kola isiyofunga, na presha ya kupanda. Mgonjwa wa namna hii baada ya upasuaji pua imevimba, imezibwa, anapumua kwa mdomo, tena amepewa dawa kali za maumivu zinazopunguza msukumo wa kupumua. Hapo hatari huwa kubwa kuliko ya upasuaji wenyewe.

Presha isiyotulizwa huongeza kutoka damu, kisukari huchelewesha kidonda, na unene huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, hasa ukipanda ndege ya saa nyingi mara baada ya upasuaji.

Je, mtu ajikondeshe upesi ili akubaliwe? Hapana. Mwili ulionyimwa chakula hukosa protini ya kuponya kidonda, na aliye chini ya 18.5 naye daktari humchunguza kwanza, kwa kuhofia upungufu wa damu na lishe duni. Punguza taratibu, kisha uzito utulie miezi kadhaa. Mifupa na gegedu za pua hazikondi, bali mashavu yakipungua pua huonekana kubwa zaidi. Aliyepasuliwa kabla ya kukonda anaweza kujikuta na uso asioutarajia.

Wanaotumia sindano za kupunguza mwili, kama Ozempic, wamwambie mtaalamu wa usingizi mapema. Dawa hizo huchelewesha chakula tumboni, na kikipanda wakati wa nusukaputi huweza kuingia mapafuni. Kawaida mgonjwa huacha chakula saa 6 kabla na maji saa 2, lakini kwa hawa huenda akaamriwa vinginevyo. Asijipimie kwa mazoea ya kufunga Ramadhani.

Baada ya upasuaji, kupandisha maji puani wakati wa kutawadha na kuinama kusujudu huweza kuamsha damu. Muulize daktari ni siku ngapi za kujizuia, kisha muulize sheikh namna ya kutawadha na kuswali kwa ishara, na uulize yote hayo kabla hujalazwa. Usiku lala umeinua kichwa kwa mito. Anayekusindikiza awe mtu anayeweza kulala chumba kimoja nawe, akusikilize unavyopumua.