Supamaketi Ikitoa Msaada, Usikimbilie Kupiga Makofi

Mshikaji, usidhani kila supamaketi inayogawa chakula ina huruma tupu. Kule Ufaransa baadhi yao walikuwa wakimwagia jiki vyakula vilivyobaki, eti watu wasiokote jalalani! Diwani mmoja wa Courbevoie, Arash Derambarsh, akakusanya saini za wananchi, na mwaka 2016 ikapita sheria: duka la zaidi ya mita za mraba 400 lazima lipendekeze mkataba na shirika la misaada. Wakati huo, ukiharibu chakula makusudi, faini ilikuwa yuro 3,750. Ukitoa, unapunguziwa kodi, asilimia 60 ya thamani ya msaada.

Kwa hiyo lile tabasamu la kwenye picha lina hesabu zake. Mimi sina noma, mradi watu wale. Kinachoniudhi ni vile vitu vinavyoletwa vimebakiza siku moja kuoza, halafu vijana wa kujitolea ndio wachambue na kutupa.