Kanuni za Mwendo (Sehemu ya Pili): Kani Inayobaki

Mkokoteni umesimama sokoni Kariakoo, umejaa magunia ya mchele. Mvutaji ameshika mipini mbele. Wenzake wawili wameinama nyuma, mabega yamekaza kwenye mzigo. Wanasukuma, magurudumu hayatingishiki. Wanavuta pumzi, wanasukuma tena kwa nguvu zaidi, na mkokoteni unaanza kujivuta taratibu.

Kuna tofauti gani kati ya msukumo wa kwanza na wa pili?

Makala ya wiki iliyopita ilieleza kwamba kani ni msukumo au mvuto wenye ukubwa na mwelekeo, na kwamba hupimwa kwa niutoni. Mkokoteni huu unasukumwa na kani kadhaa kwa wakati mmoja. Uzito unaukandamiza chini, na barabara inausukuma juu kwa kiasi hichohicho, hivyo hizo mbili zinafutana. Wanaume watatu wanaupeleka mbele, huku msuguano ukiuzuia. Mara ya kwanza msuguano ulilingana na jitihada zao, kisibaki kitu. Mara ya pili walizidi uwezo wake. Kilichobaki baada ya kani zote kujumlishwa na kupunguzana huitwa kani tokeo.

Chukulia kwamba mkokoteni na mzigo wake una kilo 400. Wanaume wanatoa jumla ya niutoni 500, na upinzani wa barabara na ekseli ni niutoni 300. Kani tokeo ni niutoni 200. Kanuni ya pili ya Isaac Newton, iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1687, inataka kani hiyo igawanywe kwa tungamo, yaani zile kilo za mkokoteni na mzigo wake: 200 kwa 400 ni 0.5. Huo ndio mchapuko. Kila sekunde, mwendo unaongezeka kwa nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde tatu, mkokoteni unakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea haraka.

Sasa wanaume wamechoka kidogo, wanasukuma kwa niutoni 300 tu. Kani tokeo ni sifuri. Je, mkokoteni utasimama?

Wanafunzi wengi hujibu ndiyo, na hawako peke yao. Aristotle wa Ugiriki ya kale naye alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na fikra hiyo ilitawala kwa karne nyingi mpaka majaribio ya Galileo yalipoitikisa. Jibu sahihi ni kwamba mkokoteni utaendelea kwa mwendo uleule wa mita 1.5 kwa sekunde. Kani tokeo haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Inahitajika ili mwendo wake ubadilike. Chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, bado kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde bila injini kukisukuma.

Barabara ikianza kuteremka, hesabu inageuka. Sehemu ya uzito inaungana na msukumo wa kwenda mbele, na mvutaji aliyekuwa ameinama mbele sasa anaegemea nyuma, visigino vikikwaruza lami, ili kani tokeo irudi sifuri kabla mzigo haujampita.

Wiki ijayo: mvutaji anapouvuta mkokoteni, nao unamvuta nyuma kwa kani ileile. Inakuwaje basi wanaondoka?