Bunduki ya Skrubu Mbili

Je, wajua kwamba mtutu wa mojawapo ya bunduki zinazopendwa zaidi Marekani umeshikiliwa na skrubu mbili tu? Katika bunduki nyingi, mtutu hukazwa mwilini kwa kuzungushwa kama parafujo, na kuung'oa ni kazi ya karakana yenye jiliwa kubwa. Ruger 10/22 haina shida hiyo. Kipande kidogo cha chuma chenye umbo la V kinauvuta mtutu nyuma hadi ukae sawasawa. Skrubu mbili zikilegezwa, mtutu unatolewa kwa mkono. Kitako cha mbao nacho kina skrubu moja, na sehemu yote ya kifyatulio inashikwa na pini mbili zinazosukumwa kwa kidole.

Mtengenezaji wa bunduki Bill Ruger aliitoa bunduki hii mwaka 1964, ikauzwa dola 54.50. Jina lake linajieleza: risasi 10 katika magazini, na kipenyo cha inchi .22. Magazini yenyewe ni ya kuvutia, kwani risasi hazipangwi moja juu ya nyingine bali huzunguka ndani ya kikasha kifupi, wazo lililotokana na bunduki ya zamani ya Savage 99. Tangu hapo zimeuzwa zaidi ya milioni 5.

Urahisi wake unatokana pia na risasi inayotumia. Risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza mwaka 1887, haina fataki katikati ya kitako chake. Kemikali ya kuwasha baruti hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili kemikali ikimbilie kwenye ukingo. Pini ya bunduki hubana ukingo huo, na moto huanzia hapo. Kwa kuwa ukingo lazima uwe mwembamba kiasi cha kubonyea, ganda haliwezi kuhimili shinikizo kubwa. Ndiyo maana bunduki yake huwa nyepesi, haipigi bega kwa nguvu, na mwili wake unaweza kuwa wa alumini.

Kisheria nchini Marekani, kile kisanduku cha alumini chenye namba, yaani mwili, ndicho bunduki. Mtutu, kitako na magazini huhesabiwa kuwa vipuri. Basi mtu mwenye 10/22 iliyochakaa na fedha kidogo huanza kuiboresha mezani kwake: anatoa magazini, anachungulia chemba kuhakikisha ni tupu, anapeleka risasi chumba kingine, ndipo anashika bisibisi.

Vitu vya bei ndogo ndivyo hufanywa kwanza. Nyuma ya komeo, kipande kinachofunga chemba, kuna pini ya chuma inayolizuia linaporudi, na mgongano wao hutoa mlio mkali wa chuma kwa chuma. Pini ya plastiki ngumu huunyamazisha kwa dola chache. Wengine hutoboa tundu dogo nyuma ya kisanduku ili fimbo ya kusafishia iingilie nyuma. Hilo si pambo. Fimbo inayoingizwa mbele husugua mdomo wa mtutu, na mdomo ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Ukilika upande mmoja, gesi hutoroka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kombo.

Kisha huja mbao. Mtutu ukiguswa na kitako bila mpangilio, kila badiliko la joto na unyevu huhamisha shabaha. Fundi huzungushia msasa kijiti cha mviringo, akachonga mfereji wa kitako taratibu hadi karatasi ipite kati ya mbao na chuma bila kukwama. Lakini hapa 10/22 ina ukaidi wake. Mtutu mnene wa mashindano, wenye kipenyo cha karibu milimita 23 tangu mwanzo hadi mwisho, ni mzito mno kuning'inizwa na skrubu mbili kwenye alumini, hivyo huinama kidogo. Wazoefu huuwekea kiegemeo chembamba karibu na ncha ya kitako. Kunakili ushauri wa bunduki nyingine kumeharibu kazi nyingi nzuri.

Kifyatulio ndipo ubahili unapopaswa kukoma. Kukwangua meno yake kwa tupa ili kiwe laini kunaweza kuifanya bunduki ijifyatue ikidondoka. Kilichotengenezwa kiwandani kinapatikana, na kinastahili gharama yake.

Hata hivyo, mabadiliko makubwa kuliko yote huenda yasihitaji kipuri chochote. Risasi ya kawaida ya gramu 2.6 iliyotengenezwa kwenda kasi sana hutoka kwa takriban mita 380 kwa sekunde, kisha njiani hushuka chini ya kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340, na katika mpito huo hutikiswa. Risasi za shabaha hufanywa ziwe polepole tangu mwanzo, zisiuvuke mpaka huo kamwe. Kwa hiyo mlengaji mwangalifu hununua boksi moja moja za aina mbalimbali, akapiga risasi 5 za kila aina kutoka mita 50, akapima upana wa matundu. Mtutu uleule unaweza kuipenda aina moja na kuikataa nyingine ya bei ghali. Katika Olimpiki, kwa umbali huohuo, duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4, karibu mara mbili tu ya upana wa risasi yenyewe.