Kizunguzungu cha Kugeuka Kitandani

Je, ukigeuka kitandani au ukiinua macho kukata mkungu wa ndizi, dunia huzunguka kwa sekunde chache kisha ikatulia? Wengi husema ni presha au malaria, wakameza dawa bila kupimwa. Mara nyingi tatizo huwa sikioni: chembe ndogo za chokaa zimetoka mahali pake na kuingia kwenye mifereji ya sikio la ndani. Vidonge havizirudishi. Zoezi la kichwa husaidia.

Pimwa kwanza, kwa mfano katika Hospitali ya Keumbu, hasa kama shingo au mgongo unauma.

Keti ukingoni mwa kitanda. Geuza uso nusu kuelekea bega la kushoto, kisha lala upesi kwa ubavu wa kulia. Kizunguzungu kitakuja, usiogope. Ngoja sekunde 30 au hadi kiishe. Keti tena sekunde 30, kisha fanya upande wa pili. Rudia mara 5, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki 2. Mzee asifanye akiwa peke yake, asije akaanguka.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au ukiona vitu viwili viwili, acha zoezi. Huenda ni kiharusi. Kimbia hospitalini mara moja.