Aiskrimu Ndani ya Oveni, na Kwa Nini Haiyeyuki

Oveni imeshika moto hadi nyuzi 240 za Selsiasi. Ndani yake inaingizwa keki iliyobeba lita nzima ya aiskrimu, nayo imefunikwa kote kwa povu jeupe la ute wa mayai na sukari, yaani merengi. Dakika 4 baadaye inatoka ikiwa na rangi ya hudhurungi juu, na kisu kikipita kinakuta aiskrimu bado imeganda. Wamarekani huiita Baked Alaska. Anayekatiwa kipande mara ya kwanza hudhani siri ni friza kali sana. Friza inasaidia, lakini kazi kubwa inafanywa na hewa.

Ute wa yai ni maji kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi, na sehemu iliyobaki karibu yote ni protini. Ukiupiga, protini zile zilizojikunja zinakunjuka na kushikana, zikijenga kuta nyembamba kuzunguka viputo vya hewa. Sukari nayo hulifanya lile giligili la kwenye kuta kuwa zito, viputo visipasuke upesi. Unachopata mwishoni, ukikitazama kwa ujazo, ni hewa zaidi kuliko kitu kingine chochote. Na hewa hupitisha joto kwa shida: maji huipita kwa uwezo huo zaidi ya mara 20. Sharti ni kwamba hewa hiyo isiweze kutembea. Hewa huru ndani ya oveni huzunguka na kubeba moto huku na huko, lakini iliyofungiwa kwenye viputo imekwama palepale.

Jambo hilo lilimshughulisha Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyehamia Ulaya na kupewa cheo cha Count Rumford. Mwishoni mwa karne ya 18 alipima jinsi manyoya na vitambaa vinavyozuia joto, akaona kwamba uwezo huo unatokana na hewa inayonaswa katikati ya nyuzi. Wapo wanaompa sifa ya kubuni kitindamlo hiki pia. Mimi sitafika huko. Alichotuachia ni maelezo ya kwa nini kinawezekana.

Jina la Alaska huhusishwa na mwaka 1867, Marekani ilipoinunua nchi hiyo kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2, na mpishi anayetajwa ni Charles Ranhofer wa mgahawa wa Delmonico's mjini New York. Katika kitabu chake kinene cha mapishi, The Epicurean, kilichotoka 1894, alikiita "Alaska, Florida", baridi na joto katika sahani moja. Wafaransa wao walichagua Norway: omelette norvégienne.

Turudi kwenye moto, maana hapo ndipo wengi wanapotishika bila sababu. Mpishi mwoga hupunguza oveni hadi nyuzi 150 ili "asiyeyushe", kumbe ndiyo njia ya uhakika ya kuiyeyusha. Hapa kuna safari mbili zinazoanza pamoja: uso wa merengi unaelekea kukauka na kubadilika rangi, na joto linasogea polepole kuelekea ndani. Unataka ile ya kwanza iishe kabla ile ya pili haijafika. Moto mkali huharakisha sana ile ya juu, ilhali ile ya ndani inazuiwa na povu. Moto mdogo huchelewesha rangi kwa dakika nyingi, na joto linapata muda wa kupenya.

Unene una nguvu kuliko unavyodhaniwa. Joto linapopenya kitu, ukiongeza unene mara mbili muda wa kulivuka unakaribia kuwa mara nne. Tabaka la sentimita 2 halina ubora mara mbili tu ya lile la sentimita 1, limelipita mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali pamoja palipopakwa kwa ubahili panaweza kuharibu kazi yote, na mara nyingi ni pale chini, merengi inapokutana na sinia. Ishushe mpaka iguse sinia pande zote. Upande wa chini kabisa unalindwa na keki, ambayo nayo imejaa vinyweleo vya hewa. Aiskrimu ikiwekwa moja kwa moja juu ya bati la moto haina mlinzi.

Kwa watu wanane, keki sponji ya kipenyo cha sentimita 20 na unene wa sentimita 2 inatosha. Tandaza karatasi ya nailoni ndani ya bakuli la lita 1, shindilia aiskrimu iliyolainika kidogo, irudishe kwenye friza ilale humo hadi kesho yake. Usiku mmoja si anasa: sukari iliyomo huifanya aiskrimu ianze kulegea chini ya sifuri, kwa hiyo inapaswa kuanza safari ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, joto la kawaida la friza ya nyumbani.

Merengi inahitaji ute wa mayai 4 na gramu 220 za sukari. Tone la kiini likiingia, mafuta yake yatazuia povu kupanda, na bakuli la plastiki huficha mafuta hata likioshwa. Tumia la chuma au kioo, ulifute kwa kipande cha ndimu. Dakika 4 za oveni haziivishi ute wa ndani, hivyo napendelea kuupasha kwanza: bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, ukikoroga bila kuacha mpaka kipimajoto kisome 71, ndipo upige hadi povu lisimame. Njia nyingine ni kumimina shira iliyofika nyuzi 118 juu ya ute unaopigwa. Mzoefu wa kaimati asidanganywe na shira yake ya kuvuta uzi, hiyo bado nyepesi. Hapa tone lake kwenye maji baridi lifanye donge laini.

Kwa wakazi wa Mombasa au Dar es Salaam unyevu ni adui wa pekee. Aiskrimu ikitolewa kwenye bakuli hushika umande papo hapo, na merengi huteleza juu ya umande huo. Andaa povu kwanza, kisha ndiyo utoe aiskrimu, uiweke juu ya keki na upake haraka. Kama oveni yako ina moto wa juu, tumia huo peke yake. Mpishi aliyezoea kupalia wali anajua tofauti ya moto ulio juu na ulio chini. Usiondoke.

Mwaka 1969, mjini London, mwanafizikia Nicholas Kurti aliigeuza sahani hii mbele ya hadhira: kwa maikrowevu akatoa kitindamlo baridi nje, moto ndani. Barafu ngumu haishiki mawimbi yale kwa wepesi, kijazo chenye sukari kinayashika.

Kitindamlo chako kikate kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, uandae mara moja. Kikibaki, kirudi friza bila wasiwasi. Merengi haitakuwa ngumu kama barafu, ila ule ukoko wa juu utalainika.